Bastola za kale ndani ya nyumba: Mkusanyaji akifariki, familia ifanye nini?

Katika nyumba nyingi za Kitanzania jina Singer lina maana moja tu: cherehani. Ile nyeusi yenye nakshi za rangi ya dhahabu, ambayo mama alishonea sare za shule na bibi akaigombania hadi siku zake za mwisho. Wachache wanajua kwamba kampuni hiyohiyo ya Marekani, iliyoanza mwaka 1851, iliwahi kutengeneza bastola.

Ilikuwa muda mfupi kabla Marekani haijaingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Jeshi la nchi hiyo lilijua kwamba vita ikifika, viwanda vya silaha peke yake havitatosha. Likaanza kutoa oda ndogo za majaribio kwa viwanda vya bidhaa za kawaida ili vijifunze kazi mapema. Singer ilipewa oda ya bastola 500 za aina ya M1911A1 na kuzikamilisha mwaka 1941. Baada ya hapo mafundi wake walihamishiwa kazi nyingine iliyohitaji mikono makini zaidi, ya vifaa vya kuelekezea mizinga ya kutungulia ndege. Bastola wakaachiwa wengine, wakiwamo Remington Rand waliokuwa wakitengeneza taipureta na Union Switch & Signal waliokuwa wakitengeneza ishara za reli.

Wakati wa vita hiyo zilitengenezwa bastola za aina hiyo takriban milioni 1.9. Za Singer ni zile 500 tu. Mwaka 2017 moja kati ya hizo iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 400,000.

Bei hiyo inashangaza, lakini kwa mwandishi wa afya kuna swali lingine linalokuja haraka zaidi. Bastola hizi nyingi haziko kwenye majumba ya makumbusho. Ziko majumbani, kwenye droo za kabati la nguo, kwenye masanduku ya bati chini ya kitanda, kwenye dari. Waliozikusanya wengi ni wanaume ambao sasa ni wazee sana. Wanapofariki, anayefungua sanduku ni mjane, binti au mjukuu, na mara nyingi hajui ameshika nini.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hili linaweza kuonekana ni jambo la mbali. Si mbali sana. Watanzania na Wakenya wengi walioko Marekani wanafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Wao ndio wanaotandika kitanda cha babu wa Kimarekani, kupanga nguo zake na kufungua droo kutafuta dawa za presha. Wengine wameoa au kuolewa huko na wana wakwe wenye makusanyo ya aina hii.

Thamani iko kwenye vitu vidogo

Tuanze na ulimwengu wa wakusanyaji wenyewe, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa kwa nini mzee alitunza kipande cha ngozi kilichopasuka kama vile ni hati ya nyumba.

Bastola wanazozipenda ni za nusu-otomatiki. Kwa lugha rahisi, ukifyatua mara moja inatoka risasi moja, bastola inatupa ganda tupu na kujipakia nyingine yenyewe kutoka kwenye magazini. Teknolojia hiyo ilishika kasi miaka ya 1890 huko Ujerumani. Hugo Borchardt alitoa yake mwaka 1893, kubwa na nzito. Mauser wakafuata mwaka 1896 na bastola maarufu kwa mpini wake ulio kama mpini wa ufagio. Georg Luger, raia wa Austria, akaichukua kazi ya Borchardt na kuiboresha. Jeshi la Uswisi lilianza kuitumia bastola ya Luger mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908, ndiyo maana ikaitwa P.08.

Mauser ile ya mpini wa ufagio imefika pia karibu na kwetu. Winston Churchill, akiwa ofisa kijana, aliibeba katika vita ya Omdurman nchini Sudan, Septemba 2, 1898. Sababu yake ni ya kitabibu: bega lake lilikuwa limeteguka alipokuwa India na halikurudi vizuri, hivyo hakuweza kutegemea upanga akiwa juu ya farasi. Bega la mtu mmoja limesaidia kupandisha umaarufu wa bastola ile kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa, mkusanyaji anapoipokea Luger haanzi kwa kuuliza kama inafyatua. Anatafuta namba. Mjerumani aligonga namba ya utambulisho kwenye bastola, kisha akagonga tarakimu zake mbili za mwisho kwenye vipande vidogo vidogo, hata vile usivyoviona mpaka uifungue. Vyote vikilingana, bei inapanda. Kipande kimoja kikiwa cha bastola nyingine, inashuka.

Halafu vinakuja vikorokoro vyake. Askari wa Ujerumani alipewa bastola pamoja na magazini mbili zenye namba ileile, ya pili ikiwa na alama ya kujumlisha pembeni. Alipewa mkoba mgumu wa ngozi wenye mhuri wa mtengenezaji na mwaka, na ndani yake kijifuko cha kifaa kidogo cha chuma, nusu bisibisi nusu kisaidizi cha kujazia magazini. Bastola inaweza kupatikana. Kupata bastola, magazini zake mbili, mkoba wake na kile kibisibisi vikiwa pamoja baada ya vita mbili za dunia ni jambo jingine kabisa.

Kwa Marekani kuna kitu cha nyongeza kinachowatoa wakusanyaji machozi: karatasi. Wanajeshi waliorudi kutoka Ulaya mwaka 1945 waliruhusiwa kuleta silaha walizoteka iwapo wangekuwa na cheti kilichosainiwa na ofisa wao, kikitaja kitu chenyewe na mara nyingine namba yake. Karatasi hiyo iliyokunjwa mara nne, imegeuka njano, inaongeza thamani kwa sababu inathibitisha bastola ilitoka wapi na ilibebwa na nani. Ni karatasi ya aina ambayo familia yenye majonzi inaitupa pamoja na risiti za umeme za mwaka 1987.

Wakati mwingine kifaa halisi kina uzito hata mbele ya sheria. Kuna Luger iliyotengenezwa kwa askari wa mizinga, yenye mtutu wa milimita 200, kitako cha mbao cha kupachika nyuma na magazini ya duara, kama konokono, yenye nafasi ya risasi 32. Kwa sheria za Marekani bastola iliyopachikwa kitako huhesabiwa kuwa bunduki fupi, kundi linalodhibitiwa vikali. Lakini mamlaka ya huko inayosimamia silaha, ATF, imeziondoa katika kundi hilo baadhi ya bastola za kale zikiwa na vitako vyake halisi. Kwa hiyo ubao mmoja wa zamani unaweza kumtenganisha mkusanyaji na mvunja sheria.

Usiisugue

Kosa la kwanza la warithi ni upendo. Kijana anaikuta bastola ya babu ina madoa, anachukua msasa laini au steelwuli ya jikoni na kuing'arisha mpaka inametameta. Kwa dakika 20 anakuwa amefuta rangi nyeusi ya samawati iliyopakwa kiwandani, mihuri ya wakaguzi na sehemu kubwa ya bei. Wakusanyaji wako tayari kulipia uchakavu wa kweli. Mng'aro mpya hawautaki.

Kosa la pili ni kuiacha bastola ndani ya mkoba wake wa ngozi kwa miaka, kwa kudhani ndiko salama. Ngozi hunyonya unyevu, na kemikali zilizotumika kuilainisha hula chuma. Vifungo vya shaba navyo huota ukoga wa kijani. Wanaojua huvitunza karibu lakini mbalimbali, kila kimoja mahali pakavu.

Na bei? Wauzaji wa mitandaoni huwajaza watu ndoto. Kuna Luger moja ya kipekee, ya risasi kubwa za inchi 0.45, iliyotokana na majaribio ya jeshi la Marekani ya mwaka 1907. Kwa miaka mingi iliitwa bastola ya dola milioni moja. Ilipopigwa mnada mwaka 2010 ilipata chini kidogo ya dola 500,000. Hizo ni fedha nyingi, lakini ni nusu ya jina lake. Familia iliyokuta Luger ya kawaida isianze kuchagua gari. Tena bastola za bandia, zilizogongwa alama mpya ili zionekane adimu, ni nyingi, na zile za Singer zinaigizwa kwa sababu ya bei yake.

Neno moja, hatari mbili

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu, na risasi ni madini mazito ya kijivu. Kwa daktari, zote mbili zinaumiza, ila ya pili haina mlio.

Risasi nyingi zina madini hayo ndani yake. Fataki, ile sehemu ndogo nyuma ya ganda inayowasha baruti, nayo kwa kawaida ina kemikali za madini hayo, na katika risasi za kale sana ilikuwa pia na zebaki. Bastola inapofyatuliwa, vumbi lake hubaki ndani ya mtutu, kwenye magazini na kwenye ngozi ya mkoba. Mzee anayesafisha mkusanyiko wake juu ya meza ya chakula, akafuta kwa kitambaa cha jikoni, kisha akamshika mjukuu mikono, anahamisha vumbi hilo bila kujua.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo hunyonya tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kilekile walichomeza, na kinachoathirika zaidi ni ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, utulivu, tabia. Kwa mjamzito, madini yaliyohifadhiwa kwenye mifupa yake tangu zamani yanaweza kuingia kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Kinga yake si ya gharama. Kazi hiyo ifanyike mbali na jikoni na chumba cha watoto, madirisha yakiwa wazi, kwa glovu, juu ya gazeti linalotupwa baadaye. Mtu asile wala kuvuta sigara akiwa anasafisha. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na nguo zifuliwe peke yake. Mkusanyaji wa muda mrefu anaweza kupima damu, na kipimo hicho ndicho pekee kinachotoa jibu, kwa sababu dalili za mwanzo, kama uchovu, kuumwa tumbo na kichwa, zinafanana na za malaria na za mambo mengine mia.

Kilichobaki kwenye chemba

Hapa ndipo ningeomba msomaji asirukeruke mistari.

Mtu asiyejua silaha anaamini kwamba ukichomoa magazini, bastola haina kitu. Si kweli. Risasi moja inaweza kuwa imeshaingia kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu, na kuchomoa magazini hakuigusi. M1911A1 itaifyatua risasi hiyo bila magazini. Luger nyingi za kijeshi nazo ni hivyohivyo.

Luger ina tabia mbaya zaidi. Hata baada ya kutenganishwa na kishikio chake, sehemu ya juu yenye mtutu inaweza kufyatua risasi iliyobaki ndani kwa kubonyezwa kipande kidogo cha chuma pembeni. Ni silaha inayoweza kumjeruhi mtu aliyedhani tayari ameifungua. Wajerumani waliweka onyo: risasi ikiwemo, kipande cha juu huinuka kidogo na kuonyesha neno "Geladen", yaani imepakiwa. Lakini neno la Kijerumani la mwaka 1916 linamsaidia nini mjane wa Ohio, au binti wa Kitanzania anayemhudumia?

Umri wa bastola pia hauifanyi kuwa pambo. Risasi ya miaka 80 inaweza kukataa, inaweza kuchelewa, na inaweza kutoka kama ya jana.

Kwa nyumba yenye watoto, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la tiba la JAMA uliangalia mambo manne: silaha kufungiwa, kutokuwa na risasi ndani, risasi kufungiwa, na risasi kuwekwa mbali na silaha. Kila moja kati ya hayo lilihusishwa na hatari ndogo zaidi ya watoto na vijana kujeruhiwa kwa bahati mbaya au kujiumiza wenyewe. Droo ya juu haihesabiki kuwa kufuli. Watoto hupanda viti, na wanajua mahali pa kila kitu kabla ya wazazi kujua kwamba wanajua.

Mzee anapoanza kusahau

Kuna mazungumzo ambayo familia nyingi huyakwepa, hata zile zisizo na bastola. Baba anaanza kurudia swali lilelile mara tatu. Anapotea njia ya dukani. Usiku anaamka akidhani kuna mwizi. Kama ndani ya nyumba hiyo kuna kabati la silaha na yeye ndiye mwenye ufunguo, ugonjwa wa kusahau haumhusu yeye peke yake tena.

Vilevile huzuni. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojitoa uhai, na wanaume wazee, hasa waliofiwa na wake zao, ni miongoni mwa walio kwenye hatari kubwa. Mtu aliyezidiwa na mawazo leo anaweza kusaidiwa akapona kabisa, iwapo tu kitu kinachoua haraka hakiko karibu naye katika saa ile mbaya. Kuhamisha mkusanyiko kwa muda, kwa njia zinazokubalika kisheria, kwenda kwa ndugu au kwa mtunzaji mwenye leseni, ni tiba kama vidonge vilivyo tiba.

Namna ya kulisema ndiyo kazi. Kumnyang'anya mzee bastola alizozikusanya kwa miaka 40 ni kama kumnyang'anya ng'ombe mfugaji. Nionavyo mimi, ni bora aulizwe akiwa bado na akili timamu na fahari yake: "Baba, tufundishe ni zipi, na unataka ziende kwa nani." Mkusanyaji hupenda kuulizwa. Sheria ya Marekani inamtaka mwenye leseni ya ukusanyaji wa silaha za kale, inayotolewa kwa dola 30 kwa miaka mitatu, aweke daftari la kila anachonunua na kuuza. Daftari hilo likiongezewa picha ya kila bastola pamoja na magazini na mkoba wake, namba zake, na jina la mtu wa kupigiwa simu, mjane anaokolewa na madalali wanaokuja matanga hayajaisha.

Mhudumu wa wazee anayeikuta bastola kazini asiishike, hata kwa lengo la kuiondoa njiani. Atoke na mtoto kama yupo, afunge mlango, aitaarifu familia na kampuni iliyomwajiri. Aandike saa na mahali alipoiona.

Uingereza wao walifika mbali. Baada ya mauaji ya Dunblane, Machi 1996, ambapo watoto 16 na mwalimu wao walipigwa risasi shuleni, bastola nyingi zilipigwa marufuku kwa raia kupitia sheria ya mwaka 1997. Zile zenye umuhimu wa kihistoria ziliachiwa mlango mwembamba: baadhi, zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1919, zinaweza kukaa kwa mkusanyaji kwa kibali lakini bila risasi zake, na nyingine hutunzwa katika maeneo maalumu ambako mmiliki huenda kuzitembelea. Mkusanyaji anaitembelea bastola yake kama mgonjwa wa wodini. Nadhani kuna busara katika hilo, ingawa wakusanyaji wa Marekani hawatanielewa.

Ukiikuta kwenye sanduku la babu

Kwetu ukusanyaji wa bastola si burudani ya watu wengi, na mlango wake ni mwembamba. Umiliki wa silaha Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali ni cha mtu aliyepewa, hakigawanywi kwenye kikao cha ukoo kama shamba au ng'ombe. Ndugu anayetaka kubaki na silaha ya marehemu anapaswa kuomba kibali chake mwenyewe, na bastola kuwa ya kale hakuiondoi mikononi mwa sheria.

Babu zetu wengine walipigana vita za wakoloni, na masanduku yao bado yapo. Umoja wa Afrika uliutangaza mwezi Septemba, tangu mwaka 2017, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, na serikali yetu imewahi kutoa msamaha wa namna hiyo. Lakini aliyekuta silaha Februari asisubiri Septemba.

Iache pale ilipo, usiichomoe magazini, usimwite fundi wa mtaani aje aiangalie, wala usiipige picha ya kurusha kwenye kundi la familia. Watoe watoto, funga chumba, umjulishe mwenyekiti wa mtaa na upige simu polisi namba 112 waje wao. Usiifunge kwenye mfuko ukapanda nayo daladala kwenda kituoni.